Watano Waliokataa Kutia Sahihi

Mapema mwaka 1994, gazeti la The Stage, ambalo huko Uingereza husomwa na watu wa maigizo, dansi na muziki, lilitoa tangazo fupi. Walitakiwa wasichana wenye umri wa miaka 18 hadi 23, wajuao kuimba na kucheza, wachangamfu na walio tayari kujituma. Wasichana wapatao 400 walijitokeza katika ukumbi wa mazoezi mjini London. Walipangwa makundi makundi, wakacheza, kisha wakaimba mmoja mmoja, na wengi wao wakarudi makwao bila kitu. Haikutimia miaka mitatu kabla ya kundi lililotokana na mchujo ule kuwa na santuri inayouzwa karibu kila pembe ya dunia.

Santuri hiyo, ndugu msomaji, iliitwa Spice, na kundi lenyewe ni Spice Girls. Waliokuwa na watoto wa shule katika miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa sisi tuliokulia jirani na karafuu na mdalasini, jina hilo hutafsirika bila taabu: Mabinti wa Viungo.

Tangu siku za mwanzo wapo waliosema kwamba mabinti hawa walitengenezwa kiwandani kama sabuni, wakafungwa katika karatasi za rangi na kupelekwa sokoni. Maneno hayo yana ukweli nusu. Leo safu hii inapenda kuizungumzia ile nusu nyingine, kwa kuwa inamhusu mzazi yeyote ambaye binti yake anaimba vizuri na ambaye siku moja atabishiwa hodi na mtu mwenye gari zuri na karatasi za kutia sahihi.

Waliotoa tangazo walikuwa baba na mwanawe, Bob na Chris Herbert, wenye kampuni ya kusimamia wasanii iliyoitwa Heart Management. Wakati huo soko la muziki wa vijana lilijaa makundi ya wavulana, nao wakaona kwamba kundi la wasichana wenye sura na tabia mbalimbali lingepata nafasi yake. Fedha zilitoka kwa mfadhili wao, Chic Murphy. Waliochaguliwa mwishoni walikuwa Victoria Adams, Melanie Brown, Melanie Chisholm, Geri Halliwell na Michelle Stephenson. Huyu Michelle aliondoka katika kiangazi cha mwaka huo huo, na simulizi za sababu ya kuondoka kwake hazifanani. Nafasi yake ilichukuliwa na Emma Bunton, aliyekuwa na umri wa miaka 18, baada ya mwalimu wa sauti wa kundi, Pepi Lemer, kumpendekeza.

Hawakuwa watoto wa tabaka moja. Baba yake Victoria alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya umeme aliyejiweza. Baba yake Emma alikuwa akigawa maziwa majumbani, na mama yake alifundisha karate. Melanie Brown alitoka Leeds, mama yake Mwingereza na baba yake mzaliwa wa visiwa vya Saint Kitts na Nevis. Geri, ambaye mama yake ni Mhispania, alikwisha kuhangaika na kazi nyingi, pamoja na kutangaza mchezo wa bahati nasibu katika televisheni ya Uturuki. Walihamishiwa katika nyumba moja huko Maidenhead, magharibi mwa London, wakapewa posho ndogo ya kujikimu, na kila siku wakapelekwa kufanya mazoezi katika studio moja ya Surrey. Walijifunza kupumua, kuimba kwa kupokezana na kuchanganya sauti, na kucheza hatua moja wote watano. Jina lao la kwanza lilikuwa Touch.

Yapo mambo mawili ambayo mtu aliyewahi kufanya kazi bila barua ya ajira atayaona mara moja. La kwanza ni kwamba waliokuwa wakilishwa na kufundishwa hawakuwa na mkataba. La pili, ambalo wasimamizi hawakulitilia maanani kwa wakati, ni kwamba waliokuwa wakilisha na kufundisha nao hawakuwa na mkataba. Bob Herbert alikuwa mhasibu, na katika miaka ya 1980 alikwisha kuwalea ndugu wawili waliokuja kuvuma katika kundi la Bros, kisha wakamponyoka na kwenda kwa meneja mwingine. Kwa mtu aliyeumwa na nyoka namna hiyo, ni ajabu kwamba hakuushtukia huu ung'ongo.

Mwezi Desemba 1994 wasichana wenyewe waliomba wapewe onyesho mbele ya watunzi, watayarishaji na watu wa makampuni ya kurekodi. Lilifanyika katika studio za Nomis, Shepherd's Bush, mjini London. Watu walipendezwa mno. Hapo ndipo wasimamizi walipozinduka, wakatayarisha mkataba upesi na kuwaletea watie sahihi. Kumbe onyesho lile lilikuwa limewafumbua macho wasichana pia. Walikwisha kuona kwa macho yao kwamba mjini kulikuwa na watu wengine wanaowataka, na kwamba yaliyomo katika karatasi zile hayakulingana na thamani yao. Wakaomba ushauri wa kisheria. Miongoni mwa waliowashauri wasiharakishe alikuwa baba yake Victoria. Wakasubiri miezi kadhaa, hawakukubali wala hawakukataa, na mwezi Machi 1995 wakaondoka wasirudi.

Hawakuondoka mikono mitupu. Walichukua kutoka ofisini kanda za asili za nyimbo walizokuwa wamekwisha kurekodi.

Kwa kitendo hicho wapo watakaowaita mashujaa, na wapo watakaowaita wezi. Mimi nadhani pande zote mbili zina hoja. Familia ya Herbert ilitoa wazo, ikatafuta fedha, ikalipia nyumba na walimu kwa karibu mwaka mzima. Hiyo ni jasho yao, na hakuna mtu mwenye haki atakayesema haikuwa na thamani. Lakini sauti zilizokuwa katika kanda zile zilikuwa za wasichana, na mtu aliyeahirisha maandishi hadi bidhaa ionekane imeiva, kisha akaleta karatasi kwa haraka, alikuwa amecheza kamari. Kama wangetia sahihi siku ya kwanza, wakiwa na njaa ya kazi na bila wakili, huenda hata leo tungekuwa tunasikiliza nyimbo zile zile huku faida yake ikienda kwingine.

Siku waliyoondoka walisafiri kwenda Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, kumtafuta mtunzi Eliot Kennedy, ambaye walikuwa wamesikia habari zake. Hawakuwa na anwani yake, wakamtafuta hadi wakampata. Kwake walipata mahali pa kukaa na wimbo mzuri, na baadaye walipata kwake pia msingi wa wimbo ulioitwa Say You'll Be There. Mjini London walifanya kazi na jozi mbili za watunzi na watayarishaji: Richard Stannard na Matt Rowe kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili Paul Wilson na Andy Watkins, waliojiita Absolute. Karibu santuri nzima imetoka katika mikono ya jozi hizo.

Wimbo uliokuja kuwafungulia mlango, Wannabe, ulitungwa na Stannard na Rowe pamoja na wasichana katika studio ya Strongroom, mashariki mwa London. Kwa masimulizi ya waliokuwapo, utunzi wenyewe ulichukua kama nusu saa tu, na sauti zikanaswa chini ya saa moja. Msomaji asidanganyike na nusu saa hiyo. Vipande vya maneno na mizaha iliyomo vilikuwa vikipikwa kwa miezi mingi katika ile nyumba ya Maidenhead. Siku ya kutunga Victoria hakuwapo, akawa anatoa maoni yake kwa simu ya mkononi. Ndiyo sababu ukiusikiliza wimbo ule kwa makini huwezi kumsikia akiimba peke yake.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hupotea. Santuri moja hubeba haki mbili tofauti. Ipo haki ya sauti iliyonaswa, ambayo kwa kawaida hubaki mikononi mwa kampuni ya kurekodi. Kampuni humpa mwimbaji asilimia fulani ya mauzo, lakini kwanza hujilipa fedha ilizomtangulizia na gharama nyinginezo kama zilivyoandikwa mkatabani. Mwimbaji anaweza kuwa na wimbo unaopigwa kila duka la nywele, naye bado akawa anadaiwa na kampuni. Ipo pia haki ya utunzi, yaani ya maneno na sauti ya wimbo kabla haujaimbwa na mtu yeyote. Haki hii humlipa mtunzi kila santuri inapouzwa, kila redio inapoupiga wimbo, na kila mwimbaji mwingine anapourudia. Mwimbaji asiyekuwa mtunzi hapati hata senti katika fungu hilo la pili.

Mabinti wa Viungo walilielewa jambo hili mapema kuliko wengi wa rika lao. Walisisitiza kwamba watashiriki utunzi, na wakakubaliana kwamba fungu lao la utunzi litagawanywa sawasawa kati ya watano, bila kupima nani ametoa mstari upi. Katika nyimbo zote 10 za santuri hiyo, kundi zima limeandikwa kuwa mtunzi pamoja na wale walioshirikiana nalo. Yamkini Melanie Chisholm, ambaye sauti yake ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya nyimbo, alikuwa na sababu ya kudai zaidi. Geri, ambaye hakuwa mwimbaji hodari lakini alijaa maneno na mawazo, angeweza naye kudai kwa upande wake. Mgawanyo sawa uliondoa ugomvi huo kabla haujazaliwa. Aliyewahi kukaa katika bendi iliyovunjika kwa sababu ya shilingi atajua kwamba haya si mambo madogo.

Meneja waliyempata baadaye alikuwa Simon Fuller, aliyemsimamia pia mwimbaji Annie Lennox. Mwezi Septemba 1995 walitia sahihi na kampuni ya Virgin. Safari hii sahihi ilitiwa, lakini na watu waliokuwa na nyimbo mkononi, meneja wao wenyewe, na makampuni kadhaa yanayowagombea.

Hata hivyo, kampuni ina macho yake. Wakubwa wa Virgin hawakupenda Wannabe uwe wimbo wa kwanza kutolewa. Walitaka kitu laini zaidi, chenye mahadhi ya Wamarekani weusi, wakapeleka wimbo huo Marekani uchanganywe upya. Ulipoletwa, wasichana waliukataa. Ukatafutwa mtu mwingine, Mark Stent, fundi wa kuchanganya sauti, akaukamilisha kwa saa chache bila kuuondolea ule ukorofi wake. Wasichana waliendelea kushikilia: ni huu, hakuna mwingine. Ikawa hivyo.

Picha za video zilipigwa usiku mwezi Aprili 1996 katika jengo la zamani la hoteli ya Midland Grand, jirani na stesheni ya St Pancras, London. Mwongozaji, Johan Camitz kutoka Swideni, alikuwa mtu wa matangazo ya biashara. Aliamua kuwafuata kwa kamera moja bila kukata, wakipanda ngazi, wakipita juu ya meza na kuwavuruga wageni waliovaa kistaarabu. Virgin hawakufurahi. Giza lilikuwa jingi mno, baridi ilikuwa kali na mavazi mepesi, na wazee walikuwa wakisukumwa huku na huku. Lakini palikuwa na stesheni moja ya televisheni ya kulipia, The Box, ambako watazamaji walichagua nyimbo kwa kupiga simu. Vijana waliipigia video ile simu nyingi kiasi kwamba ilionyeshwa hadi mara 70 kwa wiki moja. Wimbo ulitolewa Uingereza mwezi Julai 1996, ukaingia katika nafasi ya tatu, kisha ukapanda nafasi ya kwanza na kukaa hapo wiki saba. Wenyewe wakati unatoka walikuwa Japani wakiutangaza huko.

Mwezi huo huo lilitokea jambo linalotuhusu sisi wa kazi hii ya magazeti. Peter Loraine, mhariri wa gazeti la vijana liitwalo Top of the Pops, alikaa na wenzake wakawabandika wasichana majina ya utani: Posh, Scary, Baby, Ginger na Sporty. Kwa Kiswahili tungesema Maringo, Tisho, Kitoto, Nyweleshaba na Mwanamichezo. Hayakubuniwa na meneja wala kampuni. Yalikuwa mchezo wa chumba cha habari, kurahisisha ukurasa. Lakini yalienea upesi kuliko majina yao halisi, na biashara ikayakumbatia. Mtoto wa miaka saba aliweza kuchagua awe nani kati ya watano, na kila mmoja akawa na mwanasesere wake dukani.

Sifichi kwamba sifurahishwi na majina yale. Msichana pekee mweusi katika kundi ndiye aliyepewa jina la kutisha, na mwanamke wa miaka 20 akaitwa kitoto. Wenyewe waliyapokea kwa kicheko na kuyatumia, na hiyo ni haki yao. Hata hivyo mwandishi aliyekaa mezani akisubiri ukurasa ujae ana uwezo wa kumvika mtu vazi ambalo atalivaa miaka 30, na ni vema tukaukumbuka uwezo huo tunapoandika habari za watoto wa watu.

Santuri yenyewe ilitoka Uingereza mwezi Novemba 1996. Ina muda wa dakika 40 hivi. Wimbo wa pili kutolewa, Say You'll Be There, ulishika nafasi ya kwanza, na wa tatu, 2 Become 1, ukashika nafasi hiyo wakati wa Krismasi. Mwezi Machi 1997 ulitolewa wa nne, wenye nyimbo mbili kwa pamoja, Mama na Who Do You Think You Are, fedha zake zikaelekezwa kwa mfuko wa hisani wa Comic Relief. Ulitoka siku chache kabla ya Siku ya Mama ya Waingereza, na katika video ya Mama walionekana mama zao wenyewe. Nao ukafika nafasi ya kwanza, na hapajawa kabla yao na kundi lililofikisha hapo nyimbo zake nne za mwanzo nchini humo. Huko Marekani ilikuwa ndiyo santuri iliyouzwa kuliko zote mwaka 1997. Dunia nzima inakadiriwa kwamba ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 20.

Yaliyofuata ni soda, bisibisi za viazi, manukato na kamera za papo kwa papo, vyote vikiwa na sura zao. Sina haja ya kuvihesabu. Matangazo yale yaliingiza fedha nyingi, lakini yaliwachosha wenyewe na watazamaji pia, na mwezi Novemba 1997 walimwachisha kazi Simon Fuller. Kwa mara ya pili watano wale walikuwa wamemwacha mtu aliyewaongoza, ila safari hii kila kitu kilikuwa katika maandishi, na ilibidi walipe gharama ya kuachana. Geri naye aliondoka mwezi Mei 1998.

Tukirudi kwenye ule msemo wa kiwandani: ni kweli kwamba tangazo la gazeti ndilo lililowakutanisha, na pasingekuwa na tangazo pasingekuwa na kundi. Lakini kiwanda hakijapata kutoa sabuni inayokataa mkataba, ikasafiri hadi Sheffield kujitafutia mtunzi, ikamwambia mwenye duka ni wimbo upi utangulie. Mzazi anayeletewa karatasi aulize mambo matatu tu kabla ya kalamu kutoka mfukoni: sauti itakuwa mali ya nani, utunzi utaandikwa kwa jina la nani, na mkataba unakwisha lini. Kisha aombe siku za kufikiri. Kama mwenye karatasi atasema hakuna nafasi ya kufikiri, amekwisha kutoa jibu lake.

Mwaka 2019 wanne kati yao walizunguka katika viwanja vikubwa vya Ireland na Uingereza, wakianzia Dublin mwezi Mei na kumalizia Wembley mwezi Juni. Victoria hakupanda jukwaani. Kila walipoimba Wannabe, wimbo uliotungwa yeye akiwa kwenye simu, waliimba wimbo ambao mtunzi wake mmojawapo, kwa maandishi, ni Victoria.